Lori Lililobarikiwa Mara Mbili

Daftari la baraka la parokia moja ya Kadutu, mjini Bukavu, linaonyesha kwamba Jumapili tarehe 11 Novemba 1984, Bulonza Télesphore, fundi wa magari, mkazi wa Cimpunda, alileta lori libarikiwe, na kwamba lori hilohilo lilibarikiwa mara mbili: saa nne na nusu, na tena saa sita na dakika kumi. Katika safu ya maelezo, mbele ya baraka ya pili, padri ameandika neno moja tu: "Kidole."

Télesphore alikuwa na miaka hamsini na minne. Kitambulisho chake cha taifa hakikuwa na jina la Télesphore, kwa sababu serikali ilikuwa imeyaondoa majina ya kizungu, lakini parokia iliendelea kumwandika hivyo. Kadutu nzima ilimwita Papa Sikio. Alijifunza ufundi ujanani katika garaji ya shamba la kwinini, na chombo chake cha kupimia kilikuwa kimoja: turnevis, yaani bisibisi, ndefu yenye mpini wa mti. Aliweka chuma kwenye injini, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho, kisha akasema ugonjwa uko wapi. Mara chache sana alikosea.

Lori lilikuwa la Maman Séraphine, mfanyabiashara aliyepeleka chumvi, unga na sabuni Kamituga na kurudi na mafuta ya mawese. Lilitengenezwa Ujerumani mwaka 1967, na kwa miaka kumi na miwili hakuna mkono mwingine uliowahi kufungua injini yake isipokuwa wa Télesphore. Lilikuwa zima, lakini lilikuwa limechoka. Kwenye milima ya ng'ambo ya Walungu lilipanda polepole hata abiria waliweza kushuka, kununua ndizi na kulifikia tena kwa miguu bila kukimbia.

Mwisho wa Oktoba, binamu ya Maman Séraphine alimtumia turbo kutoka Bujumbura. Ilikuwa imetolewa kwenye lori jipya lililopinduka. Maman Séraphine aliileta garajini imefungwa kitenge, ameipakata kama mtoto mchanga.

"Papa Télé, iyi ni yako ya kufunga," alisema. "Jumatatu ya tarehe kumi na mbili, camion inaenda Kamituga na mzigo muzima. Kama haipande mulima, nitaipeleka kwa Donatien, kule Nguba. Yeye iko na mashini za kupima."

"Miaka kumi na mbili, Maman."

"Njo juu ya ile miaka nimekuya kwako kwanza."

Télesphore alikifungua kitenge na kuitazama turbo. Kazi ya turbo aliijua. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni. Feni hiyo inazungusha nyingine, ambayo inasukuma hewa ndani ya injini. Na hewa ikiwa nyingi, mazutu, yaani dizeli, yanawaka vizuri na nguvu inaongezeka. Mahali kama Bukavu, palipo juu na hewa yake ni nyepesi, msaada huo si mdogo. Lori lenyewe lilikuwa na turbo tangu kiwandani, ndogo kama embe, iliyokuwa ikivuja oili. Hii mpya ilikuwa kubwa kama kichwa cha mbuzi, na ubavuni ilibeba kitu ambacho hakuwahi kukifunga kwa mikono yake: kopo la bati lenye springi ndani, na kifimbo chembamba kinachotoka kwenye kopo hadi kwenye kimlango kidogo. Barua ya binamu ilieleza kwamba hewa ikizidi, kopo linasukuma kifimbo, kifimbo kinafungua kimlango, na moshi unapita pembeni ili feni isizunguke kupita kiasi. Pamoja na turbo ilikuja saa ndogo ya kupimia msukumo wa hewa, yenye sindano na namba kutoka sifuri hadi ishirini. Sindano isivuke kumi, ilisema barua. Ikivuka, gasketi ya kichwa cha injini itakatika. Na injini ile haikuwa na mwenzake Bukavu nzima.

Katika garaji za Cimpunda kuna sheria ambayo haikuandikwa popote. Gari lililofunguliwa injini halipakiwi kitu, hata gunia tupu, mpaka padri alinyunyizie maji ya baraka. Na baraka ya magari hutolewa Jumapili tu, baada ya misa ya pili. Mzigo wa kwanza baada ya maji hauwi bidhaa. Ni wanakwaya, wanaopanda nyuma na kuimba huku gari likikwea kilima kutoka kanisani hadi barabara ya juu. Watu husimulia juu ya lori lililopakiwa chumvi siku ya Ijumaa, zamani, bila maji, likaishia bondeni pamoja na chumvi yake. Hakuna anayekumbuka lilikuwa la nani. Télesphore hakuwa mtu wa kusadiki kila hadithi, lakini sheria hiyo hakuwahi kuivunja, wala hakuna mteja aliyewahi kumwomba aivunje.

Kwa hiyo juma zima lori lilikaa tupu. Gaston, dereva wake, alishusha hata ndoo ya maji na gurudumu la akiba.

Jumanne turbo ilifungwa. Jumatano asubuhi Gaston alipanda kwenye usukani, Télesphore akaegemeza turnevis kwenye injini na kufumba macho.

"Kanyaga!"

Injini ilinguruma. Turbo ile ya zamani ilikuwa ikipiga filimbi hata gari likiwa limesimama. Sauti yake ilisikika hadi sokoni. Télesphore alingoja filimbi kubwa zaidi, kwa kuwa kitu kilikuwa kikubwa zaidi. Alichosikia kilikuwa kama mtu anayepumua katika chumba cha pili.

"Sindano inasema nini?" aliuliza.

"Haisemi kitu, Papa. Imelala."

"Kanyaga tena."

"Nikikanyaga zaidi, mguu itatokea kule chini. Imelala kama mulinzi wa bureau ya serikali!"

Télesphore alizima injini akafikiri. Kama hewa haisukumwi, basi moshi unapotea. Kama moshi unapotea, basi kile kimlango kimebaki wazi. Kifimbo kilikuwa na nati mwishoni. Ukiikaza, kimlango kinafungwa kwa nguvu zaidi. Aliikaza nusu mzunguko, akachora mstari mmoja wa chaki kwenye mlango wa garaji ili asisahau. Gaston akakanyaga. Sifuri.

Alhamisi aliongeza nusu nyingine, na mstari wa pili. Sifuri. Mchana Maman Séraphine alifika na barua ya binamu na kichupa cha rangi ya kucha. Aliingia kwenye chumba cha dereva, akavaa miwani, na kuchora mstari mwekundu kwenye kioo cha saa, juu ya namba kumi.

"Pale haipite," alisema. "Na sasa iko wapi?"

"Kwa zero, Maman."

"Basi rangi yangu itakaa pale peke yake."

Alisema hivyo bila kucheka, akaondoka.

Ijumaa Télesphore aliishusha turbo na kuipima kipande kwa kipande. Aliigusa feni kwa kidole: ilizunguka bila kukwaruza popote. Alivuma kwa kinywa kwenye mpira mwembamba wa saa: sindano iliruka. Alichukua pampu ya baiskeli, akasukuma hewa ndani ya kopo: kifimbo kilitoka, akaacha, kikarudi. Alimulika mabomba kwa tochi, akapaka maji ya sabuni kwenye maungio, akatafuta mapovu, hakuyaona. Kila kipande kilikuwa kizima. Alivirudisha vyote mahali pake, akakaza kila bolti, akamwambia Gaston awashe na akanyage.

Sifuri.

"Papa Télé," alisema Gaston, sasa kwa sauti ya upole, "labda saa yenyewe haipendi Cimpunda."

"Nimeipulizia na kinywa, ikatembea."

"Basi tupulizie na kinywa mpaka Kamituga."

Télesphore hakucheka. Katika miaka thelathini na mitano ya kazi alikuwa ameona vitu vilivyovunjika, vilivyoungua, vilivyoziba, vilivyofungwa kinyume. Kitu kisicho na kosa lolote na kisichofanya kazi hakuwahi kukiona. Alikaza nati nusu mzunguko mara mbili. Mistari ikawa minne.

Jumamosi asubuhi ilikuwa ya salongo, kazi ya lazima ya usafi wa mtaa, kila mtu na jembe lake kwenye mitaro ya barabara, kwa hiyo garaji ilifunguliwa saa nne. Walilitoa lori, tupu vilevile, wakaenda nalo kuelekea Bagira. Kwenye mwinuko mmoja sindano ilitetemeka, ikagusa namba mbili, ikarudi.

"Umeiona?" Télesphore aliuliza.

"Ni mashimo, Papa. Iyi barabara inatetemesha hata meno."

Ilikuwa kweli kwamba barabara ilitetemesha. Lakini ilikuwa imetetemesha njia nzima, na sindano ilisogea pale tu. Télesphore alilizungusha jambo hilo kichwani hadi Cimpunda. Imesimama, sifuri. Inapanda, mbili. Kama kimlango kiko wazi, kiko wazi daima. Kama kimefungwa, kimefungwa daima. Hakuona mahali ambapo namba mbili ingeweza kutoka. Walipofika garajini alikaza nati mara mbili zaidi, kwa sababu hakuwa na jambo jingine la kufanya, na mistari ikawa sita.

Mchana huo alioga, akavaa shati safi, akatembea hadi Nguba. Lango la garaji ya Donatien lilikuwa wazi. Aliona sakafu ya saruji iliyofagiwa, meza yenye vyombo vya kupimia, na Donatien mwenyewe, kijana wa miaka thelathini mwenye diploma, akimweleza mteja jambo kwa kalamu na karatasi. Télesphore alisimama ng'ambo ya barabara. Angeingia angeulizwa tatizo ni nini. Angejibu kwamba hakuna tatizo. Feni nzima, kopo zima, saa nzima. Alisimama pale kwa muda wa kuvuta sigara mbili, ingawa hakuwa mvutaji, kisha akarudi Cimpunda kwa miguu.

Jumapili, baada ya misa ya pili, lori lilisimama mbele ya kanisa, limeoshwa, lina maua kwenye kioo. Padri Philémon alilizunguka na ndoo na brashi yake, akalinyunyizia magurudumu, injini, usukani, na Gaston pia. Kisha wanakwaya hamsini walipanda nyuma. Mbele yao wote alikuwa Colette, kiongozi wa sauti za kike, mwanamke mnene ambaye watu wanne walimsaidia kupanda na ambaye aliwatukana wote wanne kwa kumsaidia vibaya. Ndani, Maman Séraphine alikaa mlangoni, Télesphore katikati, na Gaston kwenye usukani.

"Tuone," alisema Maman Séraphine.

Kilima kile kinapanda moja kwa moja, bila kona. Gaston alitia gia ya kwanza, kisha ya pili. Injini iliinama chini ya uzito. Na hapo sindano iliamka.

Ilipita mbili, ikapita nne. Télesphore aliinama karibu hadi pua yake ikagusa kioo. Sita. Lori lilivuta kwa namna ambayo hakuwahi kuihisi katika miaka kumi na miwili. Gaston alipiga kelele, akatia gia ya tatu mahali ambapo daima alitambaa kwa ya kwanza. Nyuma, kwaya ilipandisha sauti. Watu walitoka majumbani na kupiga makofi.

"Nyamuzinda!" alisema Maman Séraphine, akimtaja Mungu kwa lugha ya kwao, na kwa mara ya kwanza juma hilo alitabasamu.

Nane. Kumi. Sindano ilifika kwenye rangi ya kucha, na Télesphore akangoja isimame. Haikusimama. Kumi na mbili. Kupitia sakafu, kupitia nyayo zake, sasa alisikia sauti kavu, kama kitambaa kinachochanwa taratibu. Alikumbuka mistari sita ya chaki. Alikuwa amekifunga kimlango kwa juma zima ili aiamshe sindano iliyolala, na kumbe haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa ikingoja mzigo. Sasa imepata mzigo, na kimlango cha kuipunguza amekikaza mwenyewe, mara sita.

Kilele kilikuwa umbali wa mita mia. Kumi na nne.

"Simamisha," alisema.

"Papa, tumefika!"

"Simamisha, Gaston!"

Gaston alikanyaga breki. Kwaya ilikatika katikati ya ubeti. Makofi ya barabarani yalikatika pia.

"Juu ya nini tunasimama?" Maman Séraphine aliuliza kwa sauti ya chini. "Batu banatuangalia."

"Maman, tukifika pale juu leo, kesho hatufike hata Walungu. Joint ya injini itakatika."

"Na mbele ya batu bote hawa unaniambia turbo haiko muzuri?"

"Turbo iko muzuri. Ni miye sikuwe muzuri."

Aliteremka. Mawe yaliwekwa nyuma ya magurudumu, wanakwaya wakashuka mmoja mmoja, na mtu fulani akasema kwa sauti kubwa kwamba Papa Sikio amesikia shetani ndani ya motere. Walicheka. Télesphore aliwangoja wamalize, kisha akawaambia alichokifanya: kwamba alikaza kifimbo mara sita wakati lori likiwa tupu, kwamba kosa ni lake, na kwamba atalitengeneza palepale. Aliloweka gunia majini, akalizungushia mkono ili usiungue, akafungua kifuniko cha injini. Nusu, nusu, nusu, akihesabu kwa sauti, hadi sita. Nati ilirudi mahali ilipokuwa siku ilipotoka kwenye kitenge.

Alipoinuka alimkuta Colette ameketi kwenye jiwe, akihema. Alikuwa amejaribu kumalizia kilima kwa miguu na kubadili nia.

"Bado sielewe," Télesphore alisema, si kwa Colette hasa. "Juma muzima imelala. Leo, mara moja, inakimbia."

"Papa Sikio, nikikaa nyumbani unanisikia napumua?" Colette alisema. "Nipandishe mulima, njo utanisikia mpaka Bagira. Sasa wacha kuniangalia. Kifuniko kimefunguliwa?"

"Kimefunguliwa."

"Basi baraka imetoka. Miye sipande."

Gaston alibisha kwamba injini haikufunguliwa, ni kifuniko tu. Colette alijibu kwamba yeye hakusomea ufundi lakini ameona mkono wa mtu ukiingia ndani. Kwaya nzima ilikuwa upande wake. Bila kwaya hakuna mzigo, na bila mzigo, kama Télesphore alivyokuwa ameanza kujua, sindano isingesema kitu. Alimtazama Maman Séraphine. Naye alikuwa akitazama upande wa ziwa, upande wa Nguba, kwa Donatien.

Waliagiza padri aitwe. Alikuja kwa miguu, joho amelikunja hadi magotini, ndoo mkononi, jasho likimtiririka.

"Mulifungua nini?" aliuliza.

"Kidogo tu, Padiri," alisema Gaston. "Kifimbo kama kidole."

"Kidole si mwili?"

Padri Philémon alitazama saa yake, akalinyunyizia lori mara ya pili, safari hii kwenye injini peke yake, na kwaya ikapanda.

Ilikuwa saa sita na robo walipoondoka tena, kutoka katikati ya kilima, mahali pagumu zaidi. Hakuna aliyepiga makofi. Sindano ilipanda: nne, sita, nane. Télesphore aliweka kiganja kwenye sakafu na kufumba macho. Sauti kavu haikurudi. Alipoyafumbua, sindano ilikuwa kwenye tisa, ikitetemeka kidogo chini ya mstari mwekundu, na haikupanda tena, hata Gaston alipokanyaga hadi mwisho. Lori lilifika barabara ya juu kwa gia ya tatu.

Maman Séraphine aliitazama saa, kisha akafungua mlango.

"Rangi yangu imepata mwenzake," alisema. "Sasa unaelewa namna inatumika?"

"Nusu, Maman."

"Nusu gani?"

"Ya kupanda. Lakini ile ya kwanza ilikuwa inapiga filimbi hata ikisimama bila kitu. Iyi, juu ya nini hapana? Pale sijaelewa."

"Donatien angeniambia anaelewa yote."

"Ndiyo, Maman."

Maman Séraphine alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge.

"Kesho saa kumi na mbili," alisema. "Utapanda na Gaston mpaka Kamituga. Gaston ataangalia barabara, weye utaangalia sindano. Camion inabaki kwako."

Jumatatu asubuhi, saa kumi na mbili, lori lililojaa chumvi, unga na sabuni linaondoka Cimpunda kwenda Kamituga. Télesphore amekaa karibu na Gaston, kipande cha chaki mfukoni, na turnevis ndefu chini ya kiti.